Mabakuli Yenye Alama

Siku ya mnada Kahama, mtu mwenye akili huangalia mfuko wake kwanza, anapokanyaga baadaye, na warembo mwisho kabisa. Mwanamume aliyekuja akipenya kati ya wauza viazi na wauza mitumba hakuangalia hata kimoja. Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono ikasimama kama ubao. Alifika mbele ya meza ya Mwaisha akaganda hapo, haoni mtu, anaona vyombo tu.

Mwaisha hakuzoea kutoonekana. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa dera la zambarau lenye maua ya njano, mtandio umeteleza begani kwa bahati mbaya ambayo ilikuwa imepangwa mbele ya kioo, na hina ya mikononi ilikuwa bado inanukia. Lakini lazima tuwe wakweli, vyombo vyenyewe vilistahili. Kulikuwa na sahani za rangi ya asali, glasi nene ambazo ukiziangusha zinadunda kwanza ndipo zinafikiria kuvunjika, mabakuli ya kioo kizito cheupe kama maziwa, na mengine ya kijani cha embe bichi. Vilikuwa vyombo vya enzi za mabibi, vilivyotoka kwenye nyumba za zamani za wazungu wa almasi upande wa Maganzo, kwenye misheni, kwenye maduka ya Wahindi waliohama. Watu wa Dar na Mwanza walimpigia simu wakivitaka wakaviweke kabatini. Mwaisha aliwauzia na kuwadharau kimoyomoyo. Kwake yeye, sahani isiyoliwa ilikuwa maiti iliyovishwa nguo nzuri. Mwenyewe kila asubuhi alikunywa uji kwenye bakuli lake la kijani, na hilo halikuwa la kuuzwa hata angekuja rais.

Yule mwanamume akainua bakuli jeupe, akaligeuza chini juu, akalirudisha. Akainua sahani, akaigeuza vilevile.

"Kaka," Mwaisha akasema, "wenzako wakija hapa huanza usoni. Wewe mbona unaanza chini?"

Bhoke, muuza dagaa wa meza ya jirani, alicheka kicheko chake kile cha kufukuzia mwewe. Mwanamume hakucheka. Alikuwa ameshika bakuli jingine, kidole kimesimama kwenye kitako chake, mahali palipokuwa na mikwaruzo miwili iliyokatana. Akauliza lilitoka wapi.

"Kumbe una jicho," Mwaisha akasema. "Hiyo ndiyo alama ya asili. Ukiiona, ujue umeshika chombo chenyewe, si hizi za kuigiza. Zenye alama bei yake inapanda kidogo."

Nani aliyemwambia habari hiyo ya alama? Hakuna. Siku moja mteja aliuliza, Mwaisha akatunga, mteja akafurahi, na tangu hapo maneno yakawa yanajisema yenyewe. Uongo wa sokoni ukiulea vizuri, ipo siku utakuamkia shikamoo nawe utaitikia.

Bakuli likaanza kugongagonga kwenye ubao wa meza, kokoko kokoko, kwa sababu mkono ulioshika ulikuwa unatetemeka. Mwaisha akauona ule mtetemo, akafikiria jambo ambalo mwanamke yeyote mwenye dera jipya angelifikiria.

Mwanamume alijitambulisha kuwa ni Ndaki, fundi wa madirisha ya alumini, karakana yake iko barabara ya Geita. Alinunua kila chombo chenye alama bila kupunguziwa. Akaacha namba ya simu, akaomba vikija vingine vyenye alama apigiwe yeye kabla ya mtu yeyote.

"Wabeja," akasema akiondoka, ile shukrani ya Kisukuma, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona ajali.

"Huyo," Bhoke akasema, "hajaja kununua mabakuli."

Na Mwaisha, aliyeachwa na mume wa kwanza aliyekwenda kuchimba dhahabu asirudishe hata salamu, mwanamke aliyeapa kwamba hatakaa tena na mtu wa machimbo, aliutazama ule mgongo wa bluu ukipotea kwenye umati, akajiambia kwamba fundi madirisha si mtu wa machimbo.

Basi simu zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za biashara, vyombo vimekuja, vyombo havijaja. Halafu zikawa za biashara iliyochelewa kulala.

"Umelala?"

"Saa mbili hii? Mimi kuku?"

"Nilitaka kusikia sauti tu."

"Sauti ni bure. Ukitaka na uso, njoo ununue sahani."

"Nimenunua mpaka sina pa kulala."

"Lalia hizo hizo, mpenzi. Utaota pilau."

Neno lilikuwa limeshatoka. Kisha Ndaki akacheka, kwa mara ya kwanza, kicheko cha chini kama cha mtu anayejaribu viatu ambavyo hana hakika ni vyake. Mwaisha akaweka simu kifuani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo lilirudi kila mara kama kokoto ndani ya kiatu. Ndaki alipenda kuuliza juu ya bakuli la kijani, kama lina alama, na Mwaisha alipomwambia kwamba linayo, akataka kulinunua. Mwaisha akakataa. Akaomba abadilishiwe na seti nzima ya vyombo vipya. Mwaisha akamuuliza kama anataka apewe pia na mdomo wa kunywea. Hapo Ndaki akaaga haraka, akidai salio linakwisha.

Ndaki alipokuja mtaa wa Nyahanga kumsalimia mama yake Mwaisha, alikuja na kanzu nyeupe ya kuazima ingawa hakuwa Mwislamu, ili tu kumheshimu mama wa watu. Alitoa shikamoo akiinama, mama akaitikia marahaba mwanangu kwa sauti ya mwanamke ambaye keshaanza kuhesabu wajukuu. Mwaisha akaleta pilau ya kuku kwenye sahani ya rangi ya asali, na kachumbari kwenye kibakuli cheupe, na glasi ya juisi ya ukwaju. Ndaki akatazama sahani. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akasema tumbo limemsumbua tangu asubuhi. Akala ndizi moja aliyoimenya mwenyewe, akanywa maji ya chupa aliyokuja nayo.

Alipoondoka, mama yake alikusanya pilau kwenye sahani yake ya bati, ile aliyokataa kuibadilisha miaka yote, akala kimya. Halafu akasema kwamba mgeni anayekuja na maji yake ana tumbo au ana siri, na yule kijana tumbo lake linaonekana zima.

Bhoke hakuzunguka. Alikuwa amefanya uchunguzi wake, na uchunguzi wa muuza dagaa huwafikia hata waliokufa. Ndaki hakuzaliwa na madirisha. Kabla ya hapo alikuwa upande wa Geita, kwenye mwalo wa mtu mmoja aitwaye Mageni, pale wanapoosha mchanga na kuchoma dhahabu. Mageni alitajirika ghafla, akafa ghafla.

"Shoga, unajua ndagu?"

Mwaisha alijua. Nani asiyejua? Ni ile dawa ya utajiri ya machimboni. Mganga humpa mtu miiko: usile hapa, usioge pale, usivae kile. Mali huja. Na mwisho mganga hudai, wala hadai mbuzi. Hudai mtu unayempenda.

"Mwanamume ananunua vyombo vyako vyote," Bhoke akasema, akipepea nzi kwenye dagaa, "lakini kwako hali. Anavipeleka wapi?"

Mwaisha akamjibu kwa utani kwamba labda anafungua hoteli. Lakini jioni ile alimuuliza Ndaki kwenye simu kama ni kweli aliwahi kuwa kwa Mageni. Ndaki akasema ni kweli, aliacha, na je, mvua imenyesha huko? Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki nyingi.

Usiku huo aliota yuko ndani ya duara, shimo la wachimbaji, anashushwa kwa kamba, na aliyeshika kamba juu alikuwa na shati la bluu.

Hata hivyo, moyo ni ng'ombe mkaidi. Ndaki alipompigia kusema kwamba mwezi ukiandama atatuma washenga, Mwaisha aliruka kitandani mpaka chaga moja ikakatika. Hofu akaifungia kabatini pamoja na nguo za baridi. Ijumaa mchana akapika wali wa nazi na samaki sato, akapakia kwenye hotipoti ya plastiki, si kioo, ili mume mtarajiwa asipate kisingizio. Alijua Ndaki hayuko karakana. Alikuwa kwenye kiwanja chake nje ya mji, alikokuwa akijenga. Alitaka kumshtua.

Alisikia kioo kikivunjika kabla hajaona kitu.

Ukuta wa matofali ulikuwa umefika kifuani. Mwaisha akachungulia. Ndaki alikuwa amesimama ndani ya shimo lililomfika kiunoni, amefunga kitambaa puani, amevaa glovu. Pembeni kulikuwa na gunia. Alikuwa akitoa chombo kimojakimoja, anakiweka chini, anakipiga nyundo, pigo moja, bila hasira, taratibu, kama mtu anayechinja kwa kufuata sheria. Mwaisha aliyatambua yale mabakuli meupe. Aliitambua sahani aliyoifuta mwenyewe kwa upande wa kanga akimwambia, hii nimekutunzia wewe. Ndaki aliipiga. Akafukia kwa udongo, akamwaga saruji juu.

Kisha akasema peke yake, kwa Kisukuma, na Mwaisha ni mtoto wa Kahama, anakielewa cha kutosha. Alisema, kwake limebaki lile la kijani tu.

Hotipoti ikamtoka mikononi. Hakugeuka kuona kama Ndaki amesikia. Alikimbia na kandambili moja, akapita kwenye shamba la watu, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona, na alipoulizwa anakwenda wapi alisahau jina la mtaa wake.

Ndugu zangu, kuna hofu ya nyoka, ambayo huisha nyoka akipita. Na kuna hofu ya mtu uliyemwita mpenzi. Hiyo haipiti popote, maana inajua njia zote za kwako. Mwaisha alifunga mlango, akafunga dirisha, akaifungia namba ya Ndaki. Mama yake alimwita shekhe wa mtaani akasoma dua. Bhoke naye alileta dawa ya kuogea kutoka kwa bibi mmoja, inanuka kama kiatu kilichonyeshewa. Mwaisha akakubali vyote viwili, kwa kuwa mtu anayezama haulizi kamba imesokotwa na nani. Lakini kichwa kiliuma, na kwenye ulimi palikuwa na ladha kama amenyonya sarafu. Hakujua ni ugonjwa au ni woga. Woga nao una ladha.

Siku ya tatu simu iliita kutoka namba ngeni. Akapokea akidhani ni mteja.

"Mwaisha, usikate. Niliikuta hotipoti. Najua umeona."

Nyuma ya sauti ile kulikuwa na mlio wa mashine ya kukata alumini na watu wanaitana.

"Nisikilize jambo moja tu. Lile bakuli la kijani usilitumie tena. Usinywe chochote humo. Nakuomba."

"Kwa nini?"

"Hapa kuna watu. Nikuone nikueleze."

"Kwa nini, Ndaki?"

Akarudia kwamba mpaka waonane. Mwaisha akakata.

Bhoke aliposimuliwa alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyefumbua kitendawili. Kila kitu kilikuwa wazi kwake. Vyombo vyenye alama ndivyo vilivyobeba nyota ya Mwaisha, Ndaki amevifukia vyote, amebakiwa na kimoja, na hicho ndicho kinachomzuia mwanamke huyu asiende kaburini. Akiliacha bakuli, amekwisha.

"Lishike, shoga. Litumie kuliko mwanzo."

Na Mwaisha, mwanamke mwenye akili, aliyeweza kumpunja mnunuzi wa Dar kwa simu huku anasuka nywele, akafanya hivyo. Asubuhi uji, mchana maji, jioni chai, vyote kwenye bakuli la kijani. Akiwa na homa ya wasiwasi analiweka chini ya mto. Hofu ni mshauri mkali, lakini haisemi inalipwa na nani.

Siku ya mnada iliyofuata alikwenda kwa kuwa njaa haina likizo. Bakuli alikuwa nalo kwenye kikapu, limefungwa ndani ya kanga. Jua lilikuwa limekwishapanda aliposikia kelele za Bhoke, halafu kelele za watu wengine, na alipoinua macho Ndaki alikuwa amesimama mbele ya meza, shati lilelile la bluu, safari hii halijapigwa pasi.

"Huyu hapa wa ndagu," Bhoke alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika mpaka stendi. "Anamfukia mwenzangu mzimamzima."

Pande zile neno hilo si la kutania. Watu wameitwa wachawi wakauawa kwa macho mekundu tu. Duara likajifunga kumzunguka Ndaki haraka kuliko maji yanavyojaa kwenye unyayo wa ng'ombe. Wauza viazi waliacha viazi. Mtu mmoja aliokota jiwe, akalipima uzito mkononi. Mwingine akawa anamwita mwenye petroli. Na Mwaisha, ambaye siku zote hizo aliogopa kufa yeye, ghafla aliona anayetaka kufa ni nani.

Ndaki hakukimbia. Midomo yake ilikuwa mikavu kama magome.

"Niulize unachotaka," akamwambia. "Nitajibu hapa hapa."

"Umefukia vyombo vyangu."

"Nimefukia."

Umati ukanguruma. Jiwe likapanda juu kidogo.

"Kwa nini?"

Akawatazama watu, akamtazama yeye, akashusha sauti. "Nikisema hapa, biashara yako imekufa."

"Mimi mwenyewe nimeshakufa mara ngapi wiki hii. Sema."

"Ni vyombo vya zebaki."

Akaeleza, na maneno yakamtoka kama mtu anayetapika. Kwa Mageni kazi yake ilikuwa kuchoma. Unachanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, unakamua kwenye kitambaa, zebaki unaikinga kwenye chombo, halafu kile kidonge unakichoma motoni na moshi unakuingia. Mageni alipenda vyombo hivi vya kioo cha zamani kwa kuwa ni vizito, na zebaki inaonekana vizuri ndani yake mpaka tone la mwisho. Alivinunua popote alipoviona. Na kwa kuwa jiko la wachimbaji lilikuwa pale pale, Ndaki aliogopa mpishi asije akachukua bakuli la zebaki akapakulia watu maharage. Akachukua msumari wa chuma kigumu, akakwaruza kitako cha kila chombo cha kazi.

"Hiyo alama niliitia mimi. Si ya kiwanda. Maana yake ni kwamba humu hamliwi."

Mageni alipokufa, ndugu zake waliuza kila kitu kwa wachuuzi, na wachuuzi hawaulizi. Ndaki siku hiyo ya kwanza alikuja sokoni kununua viazi tu. Akaona alama yake mezani, akasikia mwanamke akimsifia, akaona kwamba akisema ukweli pale pale, yule mwanamke ataharibikiwa kabla jua halijazama. Akafikiri atavinunua vyote kimyakimya avimalize. Halafu akaanza kumpenda, na kusema kukawa kugumu zaidi kila siku, kwa sababu sasa alikuwa na cha kupoteza.

Akanyoosha mikono mbele. Yote miwili ilikuwa ikitetemeka, vidole vikicheza peke yao. "Si wewe uliyenitetemesha siku ile," akasema. "Au si wewe peke yako. Daktari aliniambia ni moshi ule."

"Mwongo," Bhoke akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Mwenye jiwe alikuwa Nkwabi, mwenye kibanda cha chipsi, na kibandani kwake kachumbari ilipakuliwa kwenye mabakuli meupe aliyouziwa na Mwaisha. Akamgeukia.

"Dada, anasema kweli huyu?"

Hapo ndipo dunia nzima ilipoegemea kwenye ulimi wa mwanamke mmoja. Akisema hapana, meza yake itasimama na mwanamume atalala pale chini, asiinuke. Akisema ndiyo, hawa wenye mawe ndio aliowauzia, na yeye ndiye aliyewaambia kwamba alama ile ni heshima. Alitoa bakuli kikapuni, akalifungua kanga, akaligeuza. Aliitazama ile mikwaruzo miwili. Akatafuta kichwani mtu aliyewahi kumwambia kwamba ni alama ya asili, akakuta humo yuko peke yake.

"Kweli," akasema. Haikusikika. Akarudia. "Anasema kweli. Ile habari ya alama niliitunga mimi, hapa hapa mezani. Sikuwa najua ni nini. Kila aliyenunua kwangu chombo chenye mikwaruzo hii asikitumie, anirudishie. Nkwabi, na wewe."

Mzee mmoja muuza kamba ndiye aliyeamua. Alisema tangu azaliwe hajaona mfanyabiashara akijimwagia mchanga kwenye uji wake kwa ajili ya kumwokoa mchawi. Nkwabi akatazama jiwe, akaliangusha, akaanza kumtukana Mwaisha. Alimtukana vizuri, yeye na ukoo wake, na wengine wakasaidia. Mama mmoja alitema mate kwenye sahani za rangi ya asali ambazo hazikuwa na kosa lolote. Mwaisha alisimama akapokea vyote, dera limemganda mgongoni.

Walipotawanyika, Ndaki alichukua bakuli mikononi mwake kwa ncha za vidole.

"Ulikuwa unanywea humu?"

"Tangu kabla hujaja."

"Lakini nilipokupigia simu ukaacha."

Mwaisha akatikisa kichwa. "Nikaongeza."

Ndaki akaketi juu ya kreti ya dagaa, akaweka uso kwenye mikono ile isiyotulia, akalia mbele ya soko zima bila kujificha. Bhoke alitazama huku na huku. Akaenda akaleta maji, kwenye kopo la plastiki, akalionyesha chini kwanza kabla ya kumpa mtu.

Hospitalini waliketi benchi moja. Hapo hofu ilikuwa ya aina nyingine, isiyo na mganga wala ndoto. Ilivaa koti jeupe na kuita majina. Daktari, dada mpole mwenye miwani, aliwachukua vipimo vikapelekwa mbali, na majibu yalichukua muda wa kumfanya Mwaisha ajifunze kila ufa wa dari ya nyumba yao. Hawakugusana siku zile. Waliulizana kwenye simu, umekula nini, kichwa kikoje, na hakuna aliyethubutu kusema mpenzi, kana kwamba neno lenyewe lilikuwa kwenye vipimo.

Majibu ya Mwaisha yalikuja na habari ya kushusha pumzi. Kilichoonekana kilikuwa kidogo. Arudi kupimwa tena, lakini asikeshe kwa hofu. Ya Ndaki hayakuwa hivyo. Moshi wa miaka ile ulikuwa bado unaishi ndani yake. Ataendelea na kliniki, na mikono huenda itulie, huenda isitulie. Daktari hakuahidi.

Baada ya hapo wakaanza kuzunguka. Kila mteja aliyenunua chombo chenye alama alifuatwa mlangoni, akabadilishiwa kwa chombo kisicho na alama cha rangi ya asali au glasi nene, na akapewa nafasi ya kutukana. Wa Dar walitumiwa picha ya kitako na maelezo kwa simu, na mmoja akajibu kwamba sasa alama hiyo ndiyo anaitaka zaidi, mpaka Mwaisha akampigia akamfokea. Meza ya mnadani ilibaki nusu tupu. Waliokuja walianza kugeuza kila sahani chini juu, na yeye akawaacha wageuze.

Safari ya mwisho ilikuwa Tinde, kwa bibi harusi mmoja aliyenunua seti nzima ya zawadi. Ndaki aliendesha pikipiki, maboksi yamefungwa nyuma, Mwaisha kati, magauni ya pamba yakipepea kwenye maduka ya barabarani. Karibu na kufika, Ndaki akasimamisha pikipiki pembeni bila kuzima. Hakugeuka.

"Washenga niliwarudisha," akasema. "Nilimwambia mjomba asubiri. Nikaona pengine huwezi kumtaka mtu wa mikono hii."

"Na sasa unaniuliza, au unaniarifu?"

"Nakuuliza. Utaolewa na mimi?"

Malori ya pamba yalipita, moja, na jingine nyuma yake, vumbi likawafunika wakafumba macho. Mwaisha alifikiria kuhusu mikono. Halafu aliona kwamba si mikono iliyomtisha, hata siku moja. Kilichokaribia kuwaua wote wawili kilikuwa ule ukimya, mwanamume akiogopa peke yake chumba kimoja na mwanamke akiogopa peke yake chumba cha pili, ukuta kati yao.

"Nitaolewa," akasema kwenye mgongo wake. "Kwa sharti. Ukiogopa, uogope kwa sauti. Jambo lolote. Usinichagulie ninachoweza kusikia."

"Lolote?"

"Lolote. Anza sasa."

Ndaki akakohoa. Akaingiza gia, pikipiki ikaondoka. Akasema anaogopa majibu ya kliniki ya mwezi ujao. Akasema anaogopa kwamba siku moja atashindwa kukata kioo sawasawa na wateja watamkimbia. Kwamba atamshika mtoto mchanga akamwangusha. Anamwogopa mama yake Mwaisha, hasa anaponyamaza. Anamwogopa Bhoke. Anaogopa radi, na hajawahi kumwambia mtu. Mwaisha aliegemeza shavu kwenye shati, akaikumbatia ile sauti mpaka akaisikia ikitetemeka mbavuni, na kila alipotaka kumjibu, Ndaki alikuwa ameshapata jingine. Walipofika Tinde, bibi harusi amesimama mlangoni amejishika kiuno, Ndaki alikuwa bado hajamaliza.